Je, wajua kwa nini kichwa cha risasi huachiwa nafasi ya kuruka ndani ya bunduki?

Aliyewahi kuona gobore likishindiliwa anajua kazi ya mdeki. Baruti hutangulia, risasi hufuata, kisha mdeki husukuma mpaka risasi ikalie baruti bila pengo. Waangalifu huchora alama kwenye mdeki ili wajue kama risasi imefika chini kweli, kwa sababu ikikwama njiani, ikaacha hewa nyuma yake, mtutu unaweza kupasuka. Kwa hiyo swali la risasi ikae wapi ni la zamani. Kwenye bunduki za leo limehamia ndani ya ganda la chuma linaloshika baruti, na vipimo vyake vimekuwa vyembamba kuliko unywele.

Huko Marekani wawindaji na walenga shabaha wengi hujijazia risasi nyumbani, na sheria inawaruhusu. (Kenya na Tanzania, kutengeneza risasi bila leseni ni kosa.) Huchukua ganda lililokwisha kufyatuliwa, hulirudisha umbo lake, hutia fataki mpya (kidude cha kitakoni kinachowasha baruti), hupima baruti kwa mizani, na mwisho husukuma kichwa cha risasi, ile sehemu inayotoka mtutuni, kwenye shingo ya ganda. Ni hatua hiyo ya mwisho inayowakosesha usingizi: kizame kiasi gani?

Tuchukue risasi iitwayo .308 Winchester, iliyoingia sokoni mwaka 1952. Kichwa chake kina kipenyo cha milimita 7.82. Mtutu wake umechongwa mifereji inayojizungusha, na kati ya mifereji hiyo kuna matuta. Kutoka tuta hadi tuta la upande wa pili ni milimita 7.62 tu. Kwa hiyo kichwa hakipiti hivi hivi. Kinabanwa, matuta yanakikata mikwaruzo, nacho kinalazimika kuzunguka. Mifereji ikikamilisha mzunguko mmoja kila sentimita 30 hivi, na risasi ikitoka kwa mita 800 kwa sekunde, inazunguka zaidi ya mara 2,600 kila sekunde. Ndiyo maana haipinduki angani.

Lakini kabla ya matuta kuna koo, sehemu fupi laini isiyo na mifereji. Kichwa kinapochomoka kwenye ganda huvuka koo hilo kwanza. Mvuko huo ndio walengaji wanaouita kuruka, na kwa kawaida huwa sehemu ya milimita moja au zaidi kidogo.

Mtu atauliza: kwa nini wasikigusishe na matuta tangu mwanzo, kiingie kimenyooka? Wapo wanaofanya hivyo, hasa wanaopigania tundu tano zilizokaribiana kama tundu moja. Gharama yake ni shinikizo. Kichwa kilichopewa nafasi huwa tayari kimeshika mwendo kinapofika kwenye matuta, na gesi hupata nafasi ya kutanuka nyuma yake. Kilichokwisha kubanwa huanza safari kikiwa kimesimama, na shinikizo hupanda haraka zaidi. Kwa .308 kikomo ni takriban megapaskali 427, karibu mara 2,000 ya upepo wa tairi la gari dogo, tena sentimita chache tu kutoka usoni pa mpigaji. Roy Weatherby, aliyeanza kampuni yake California mwaka 1945, aliichezea kanuni hii kwa upande wa pili: bunduki zake za risasi kali alizipa koo refu, shinikizo likapoa, baruti nyingi zaidi ikawezekana.

Kuna adha nyingine. Kichwa kilichozama kwenye matuta kinaweza kunasa humo. Ukifungua bolti, komeo linalofunga risasi ndani ya bunduki, ili kutoa risasi ambayo hukuifyatua, ganda linatoka peke yake na baruti inamwagikia ndani ya bunduki.

Kuzamisha mno nako kuna hatari. Kichwa kinakula nafasi ya baruti, na kwa maganda madogo ya bastola shinikizo linaweza kuruka vibaya sana.

Halafu lipo jambo la magazini, kibweta kinacholisha bunduki risasi, ambalo kwa wawindaji huwa ndilo lenye neno la mwisho. .308 hutakiwa isizidi milimita 71.4 kwa urefu wote, isije ikagoma kuingia. Kwenye mashindano ya Camp Perry, Ohio, wanaotumia risasi ya .223, nyembamba kuliko .308, kwa umbali wa yadi 600 hupenda vichwa virefu vizito ambavyo magazini haivimezi. Huzitia risasi hizo moja moja kwa mkono.

Kulijua koo la bunduki yako kuna njia ya zamani ninayoipenda. Ganda tupu, lisilo na baruti wala fataki, hupasuliwa shingo kidogo lishike kichwa kwa ulegevu. Kichwa hupakwa wino mweusi. Bolti hufungwa polepole, matuta hukirudisha kichwa nyuma, na kikitolewa unaona kwenye wino mikwaruzo midogo, idadi yake sawa na matuta. Hapo unapima, tena si kutoka nchani, maana ncha hazilingani hata kwenye boksi moja, bali kutoka pale kichwa kilipogusa.

Baada ya hapo ni kujaribu. Baruti huanzia chini kama kitabu cha mtengenezaji kinavyosema, na kila ukibadilisha kina cha kichwa ndani ya ganda unarudi chini tena. Vichwa vingine, hasa vile vyenye pua ndefu iliyochongoka, hubagua sana kina, vingine havijali. Ninachowasihi wanaojaribu ni hiki: tundu tatu kwenye karatasi si ushahidi. Wengi hutangaza ushindi kwa risasi tatu zilizobahatika, kesho yake zikatawanyika.

Na kipimo chenyewe hakidumu. Moto wa baruti hula koo kidogo kidogo, mwanzo wa matuta unasogea mbele, na baada ya mamia ya risasi kichwa kile kile kinaruka mbali kuliko siku ya kwanza. Mlengaji anatafuta tena lile ganda lenye shingo iliyopasuliwa, anapaka wino, anafunga bolti polepole.