Dawa za akili si dawa za usingizi

"Kalala?" "Kalala." "Basi dawa imemkubali."

Mazungumzo haya utayasikia Unguja na Pemba katika nyumba nyingi zilizompeleka mtu wao Kidongo Chekundu, hospitali ya maradhi ya akili, akarudi na kifuko cha vidonge. Lakini usingizi siyo kazi ya dawa hizi. Ni jambo linalokuja nazo tu, tena si zote.

Kazi yao ni kupambana na saikosisi, yaani ile hali ya mtu kupotewa na mpaka baina ya kilichopo na kisichokuwepo. Anasikia sauti inamsema na chumbani hamna mtu, au anashikilia kuwa jirani kamtilia sumu kwenye kisima. Skizofrenia ndiyo maradhi yanayotajwa sana hapo. Mania ni jengine: mtu halali siku tatu wala hachoki, anaongea mbio, anagawa pesa za mtaji wa duka na ana hakika kesho atakuwa tajiri. Dawa hizi hutumika kwa yote mawili, ila kwenye mania daktari mara nyengine huongeza dawa nyengine iitwayo lithiamu.

Ubongoni mna kemikali iitwayo dopamini, ambayo pamoja na mengine hulitia jambo uzito. Ikizidi mahali fulani, kila kitu kinakuwa na maana: kunguru akilia juu ya bati, mgonjwa anajua ni yeye anayetukanwa. Dawa huziba milango inayopokea dopamini, na vitu vikarudi kuwa vitu tu. Klopromazini, ambayo watu wa wodini wameizoea kwa jina la Largactil, ilianza kutumika kwa wagonjwa wa akili Paris mwaka 1952. Haloperidoli ilitengenezwa Ubelgiji mwaka 1958. Zote mbili bado zinaandikwa.

Fujo huweza kutulia ndani ya siku chache. Sauti na dhana huchukua wiki kadhaa. Kwa hivyo anayeachishwa dawa siku ya tano kwa kuwa "keshatulia" kaachishwa kazi yenyewe haijafika mbali, na anayeongezwa kidonge kwa kuwa hakulala anaongezewa madhara.

Dopamini hiyo hiyo inaendesha na viungo, na hapa ndipo kwetu mambo huharibika. Tuseme kijana wa Pemba kaanza haloperidoli juzi. Leo baada ya magharibi shingo inajipinda upande mmoja, macho yanageuka juu hayashuki, taya limekaza, ulimi umekuwa mzito na mate yanamtoka. Mama anapiga kelele. Ami yake anasema, "Huyo keshapanda, mwiteni fundi wa pepo." Ubani unawashwa, vidonge vinatupwa. Mwenyewe anasikia yote na akili anayo, ila hawezi kusema. Ule ni mkazo wa misuli. Huja zaidi siku za mwanzo, na vijana wa kiume ndio hupatwa zaidi. Kinachotakiwa ni kumkimbiza kituo cha afya na kifuko chake cha dawa mkononi: ipo dawa ya kuulegeza, na ikipigwa kwa sindano mara nyingi shingo hurudi ndani ya nusu saa. Wengine hupewa na vidonge vya bensheksoli, maarufu Artane, kwa ajili hiyo. Laiti kila nyumba ingeambiwa haya dirishani pa dawa siku ya kwanza, maana sentensi mbili zinatosha.

Kuna na mwenzake wa mkazo huo, ambaye hafanani naye kabisa. Mgonjwa hakai: anainuka barazani, anakaa, anainuka tena, miguu kama inachomwa. Nyumbani wanasema kichaa kimerudi na wanamwongeza dawa, kumbe dawa ndiyo inayomfanya hivyo na pengine inataka kupunguzwa. Muulizeni: ni mawazo yanayokusumbua au ni miguu? Mara nyingi atakwambieni.

Lakini akiwa na homa kali, mwili umekakamaa kama ubao, jasho linamtiririka na haeleweki anasema nini, msingoje asubuhi na msiseme ni malaria tu. Hayo nayo ni madhara ya dawa: ni nadra, lakini yanaua. Asipewe kidonge chengine, apelekwe hospitali saa ile ile.

Dawa za baadaye kama olanzapini na risperidoni hazikakamazi sana kama zile za zamani, lakini nazo zina yao. Olanzapini inafungua njaa. Suruali ya Idi iliyopita haifungi, na sukari inaweza kupanda, kwa hivyo uzito na sukari vipimwe. Risperidoni yaweza kumtoa maziwa mwanamke asiyenyonyesha, au kumkatia siku zake. Amwambie daktari, hajarogwa.

Baada ya kupata nafuu dawa huendelea, kwa skizofrenia angalau mwaka mzima na pengine zaidi, na ikiachwa hupunguzwa polepole kwa mkono wa daktari. Anayechoka vidonge anaweza kupewa sindano ya mafuta, ya kila wiki mbili hadi nne. Dawa yake huchanganywa na mafuta ya ufuta ili itoke mwilini taratibu. Na shekhe akitaka kumwandikia kombe, amwandikie. Zafarani na maji havigombani na haloperidoli. Mitishamba ya kunywa ndiyo ya kumwambia daktari kwanza, na bangi ikae mbali.

Ramadhani wengi huacha dawa mwezi mzima kimya kimya. Vidonge vingi vya aina hii daktari anaweza kuvihamishia usiku, baada ya futari au daku, na sindano haihitaji maji ya kumezea. Anayemeza lithiamu asifunge kabla ya kuonana na daktari: mwili ukikauka kwa joto letu, lithiamu hujaa kwenye damu hadi kuwa sumu, na dalili zake huanza kwa mikono kutetemeka, kutapika na kuyumba.