Je, wajua kwa nini sauti inayochoma uvimbe haiunguzi ngozi?

Kwa muda mrefu niliamini kuwa tiba ya uvimbe kwa utrasaundi ni mionzi, kama ile ya saratani. Baadaye nikadhani ni aina ya pasi: joto linasukumwa kutoka nje hadi ndani ya tumbo. Yote mawili si kweli, na kosa la kwanza ni la wengi, maana hata picha ya mtoto tumboni watu huiita "mionzi". Hii ni sauti, ila mitetemo yake ni mingi mno hata sikio haliipati. Wala joto halisafiri. Kinachopita kwenye ngozi ni mtetemo; joto huzaliwa ndani ya mwili, kama viganja vinavyopata moto vikisuguana, isipokuwa hapa mtetemo huenda na kurudi takriban mara milioni moja kwa sekunde.

Basi mbona ngozi haiungui, ilhali sauti yote imepita hapo? Fikiria kijiji chenye kisima kimoja. Watu mia wanakwenda kuteka maji, kila mmoja kwa kijia chake. Vijiani majani yamelala kidogo tu. Kando ya kisima hakuna hata jani. Chombo kinachotoa sauti kimepinda kama bakuli, hivyo kila wimbi lina kijia chake cha kupenya ngozi, na yote yanakutana kisimani. Tena yanafika kwa mpigo mmoja, kama wavuvi wanaopandisha dau ufukweni. Kila mtu akivuta kwa wakati wake, dau halisogei. Wakiitikiana na kuvuta pamoja, linapanda. Na kuna jambo la ajabu zaidi: mawimbi mawili yanayolingana yakikutana hivyo, pale yanapokutana ukali wa sauti hauwi mara mbili ya wimbi moja, bali mara nne. Joto hapo hupita nyuzi 55, na ndani ya sekunde chache tishu inaganda kama ute wa yai kwenye kikaango.

Kinachoganda kwa mpigo mmoja ni kadiri ya punje ya mchele. Ndiyo maana kutibu fibroidi, yaani uvimbe wa mfuko wa uzazi usio saratani, tiba iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2004, huchukua saa kadhaa, daktari akifuatilia joto kwenye MRI, mashine inayopiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku, na kusubiri ngozi ipoe. Maana ngozi nayo hupata vuguvugu, na wapo wagonjwa walioungua. Fibroidi zinaweza kuota tena, na ingawa wapo waliobeba mimba baada ya tiba hii, tafiti zinazoilinganisha na upasuaji bado ni chache.

Kizuizi kikubwa ni hewa, kwa sababu sauti ikiikuta hugonga na kurudi. Utumbo wenye gesi ukikaa njiani lazima usogezwe kwanza, na hata vinyweleo vya tumbo hunyolewa, kwa ajili ya viputo vidogo vinavyonasa humo.