Pointi 12 hazilingani: dhana potofu kuhusu mnada wa briji

Kwenye meza za briji hapa Kisumu, na hata tunapokutana na wenzetu wa Nakuru na Kakamega, ugomvi huanza kwenye mnada, si kwenye uchezaji wa karata. Mtu ameahidi 4 za kopa, amepungukiwa mzunguko mmoja, na mwenzake anamkazia macho: "Ulipanda hivyo na pointi gani?" Kinachofuata ni hesabu ya pointi, halafu linatajwa jina la mfumo fulani kutoka kwenye intaneti ambao, wanaamini, ungewaokoa. Nawapenda watu wa meza hizo, na ndiyo sababu nasema wazi: mengi tunayoaminishana kuhusu mnada si kweli, na yanatunyima ushindi tulio nao mkononi.

Kwa anayeujua mchezo huu juujuu: wachezaji ni 4, wawili wawili, kila mmoja ana karata 13. Kabla ya kucheza kuna mnada, ambapo unaahidi mtakula mizunguko mingapi zaidi ya 6, na turufu itakuwa nini. Dau la 4 za kopa ni ahadi ya mizunguko 10. Harold Vanderbilt alipounda hesabu ya alama za briji ya mikataba mwaka 1925, akiwa safarini melini, aliweka zawadi kubwa kwa anayeahidi kisha akatimiza. Leo zawadi ya gemu (mkataba mkubwa kama 3 bila turufu, 4 za kopa au shupaza, au 5 za pau) ni 300, au 500 upande wako ukiwa hatarini, hali inayopangwa mapema kwa kila mgao na inayopandisha zawadi na adhabu pia. Ukiishia chini ya gemu, zawadi ni 50 tu. Anayenadi bila kuikumbuka tofauti hiyo ananadi gizani.

"Pointi 12 unafungua, pointi 11 unapita"

Hesabu ya ree 4, mfalme 3, malkia 2 na ghulamu 1 ilienezwa na Milton Work, kisha Charles Goren akaipa umaarufu mkubwa pamoja na nyongeza za mgawanyo wa karata. Ni kipimo kizuri cha kuanzia. Mikono miwili tulivu, isiyo na aina ndefu wala fupi sana, yenye jumla ya pointi 25 au 26 kwa kawaida inatosha kwa 3 bila turufu, na hapo sina ubishi na mtu. Kosa ni kuchukua kipimo hicho kikawa hukumu.

Tazama mikono hii miwili.

Wa kwanza: shupaza malkia, ghulamu, 3; kopa malkia, ghulamu, 2; uru malkia, ghulamu, 5, 4; pau mfalme, 7, 3.

Wa pili: shupaza ree, mfalme, 10, 6, 4, kopa ree, 10, 9, 5, 3, uru 7, pau 8, 2.

Wa kwanza una pointi 12, wa pili 11. Nimeona watu wakifungua mnada kwa ule wa kwanza bila kusita, na wakauangalia wa pili kwa masikitiko kisha wakapita. Ni kinyume kabisa cha inavyopaswa kuwa. Mkono wa kwanza hauna ree hata moja, hauna aina ndefu, na hauna aina fupi ambayo ungeikata kwa turufu. Malkia na ghulamu wake wanahitaji msaada wa mwenzako ili wale chochote. Mkono wa pili una ree mbili na mfalme, zote ndani ya aina ndefu, na zile 10 na 9 ambazo hazihesabiwi popote zinafanya kazi kubwa.

Sasa mpe mwenzako wa mkono wa pili karata hizi: shupaza malkia, 8, 3, kopa mfalme, 8, 7, 2, uru 9, 6, 5, 4, 2, pau 7. Ana pointi 5 pekee, jumla yenu 16. Turufu ikiwa kopa, mnapoteza uru moja, pau moja, na pengine kopa moja. Kopa 4 zilizo kwa wapinzani zikigawanyika 2-2 au 3-1, na shupaza 5 zilizo kwao zikigawanyika 3-2, jambo linalotokea takriban mara 68 kwa 100, mizunguko 10 ipo. Gemu kwa pointi 16! Wakati huohuo, mkono ule wa kwanza ukikutana na pointi 13 tulivu utahangaika kutimiza gemu kwa 25.

Mnunuzi wa samaki aina ya ngege pale Dunga, ufuoni hapa Kisumu, haridhiki na uzito wa mizani. Hufunua matamvua akaangalia. Mkono wa karata nao uangaliwe hivyo.

Tena thamani yake haisimami mahali pamoja mnada ukiendelea. Chukua mfalme, 7, 3 ya pau. Jirani wa kulia akitaja pau, yaelekea ree anayo yeye, na mfalme wako anacheza baada yake: ameongezeka thamani. Pau zikitajwa na jirani wa kushoto, mfalme huyohuyo anaweza kuliwa bila kukusaidia. Malkia na ghulamu katika aina ya wapinzani ni mali ya ulinzi. Katika mkataba wenu mara nyingi hawafai kitu. Karata moja tu katika aina aliyoifungua mwenzako nayo ni ishara ya kupunguza mwendo, ingawa pointi zako hazijabadilika.

"Gemu ikianguka, ulinadi vibaya"

Dhana hii ndiyo inayotugharimu zaidi, kwa kuwa inaonekana ni busara.

Chukua mechi ya timu, ambapo mgao mmoja unachezwa kwenye meza mbili na tofauti ya alama hugeuzwa kuwa pointi za IMP. Mko hatarini, na mikono yenu ya shupaza italeta mizunguko 9 au 10. Mkinadi 4 na kutimiza, mnapata 620. Meza ya pili ikiishia 3 na kula mizunguko 10, inapata 170. Tofauti ni 450, sawa na IMP 10. Mkinadi 4 mkaanguka kwa mmoja, mnapoteza 100 huku meza ya pili ikipata 140: tofauti 240, yaani IMP 6. Unahatarisha 6 ili upate 10. Gemu inayotimia mara 6 katika 16, asilimia 37.5, tayari inalipa. Kwa maneno mengine, unaweza kuanguka mara nyingi kuliko unavyotimiza na bado ukawa ndiye uliyenadi sawasawa.

Msipokuwa hatarini, hesabu inabadilika: 420 dhidi ya 170 ni IMP 6, na hasara ya 50 dhidi ya 140 ni IMP 5. Hapo unahitaji karibu asilimia 45. Mtu ambaye hajawahi kuangusha gemu katika mechi za timu anaacha nyingi mezani, hata kama mwenzake anamsifu kwa uangalifu.

Mashindano ya jozi ni habari nyingine. Kule kila mgao una uzito sawa, na kuwashinda wengine kwa alama 10 ni sawa na kuwashinda kwa 1,000. Kwa hiyo gemu yenye nafasi ya nusu kwa nusu ya kutimia ndiyo mpaka wake. Na ndiyo maana 3 bila turufu yenye mizunguko 10, ambayo ni 430, inaipiku 4 za shupaza yenye mizunguko 10, ambayo ni 420, na kuiacha mbali 5 za pau iliyotimia kwa 400. Kabla ya karata ya kwanza kugawanywa, jiulize leo tunacheza mashindano gani. Wengi hawajiulizi.

"Mwenye mfumo mgumu ndiye anayeshinda"

Hoja inayotolewa kila mara ni Italia. Kweli, kati ya 1957 na 1969 timu yao, ile ya Blue Team, ilitwaa kombe la dunia la Bermuda Bowl mara 10 mfululizo, na walikuja na mifumo iliyowashangaza Wamarekani. Lakini ndani ya timu hiyohiyo jozi moja ilitumia Roman Club na nyingine Neapolitan, mifumo isiyofanana. Kama siri ingekuwa mfumo, tungeuliza ni upi. Walichoshiriki wote ni jozi zilizokaa pamoja kwa miaka na kujua kila dau la mwenzake lina maana gani.

Precision ya C. C. Wei, ambamo kufungua 1 ya pau ni tangazo la mkono wenye nguvu wa pointi 16 au zaidi, iliifikisha Taiwan fainali ya Bermuda Bowl mwaka 1969. Mfumo ni mzuri, nami naupenda. Ila una gharama: wapinzani wakiingilia kwa dau la juu baada ya 1 ya pau, wewe bado hujataja aina yoyote, na nafasi imeisha. Poland hushindana kileleni kwa pau yake yenye maana zaidi ya moja. Marekani hushindana kwa mfumo wa kawaida ambamo kufungua kwa kopa au shupaza kunadai karata 5 za aina hiyo. Wote wanabeba vikombe.

Hapa kwetu mvutano mkubwa ni kuhusu 1 bila turufu. Waliofundishwa kwa Acol, mfumo wa Uingereza uliopata jina kwa barabara ya London ilikokuwa klabu ya waliouanzisha miaka ya 1930, hufungua kwa pointi 12 hadi 14. Waliojifunza kwenye simu hufungua kwa 15 hadi 17 kama Wamarekani. Kila upande unadhani mwingine umepotea. Ukweli ni kwamba ile dhaifu huja mara nyingi zaidi na huwaziba wapinzani njia mapema, lakini ukiwa hatarini ukapigwa dabo, yaani mpinzani akataka adhabu yako iongezwe, kuanguka kwa miwili ni 500 na kwa mitatu ni 800. Ile yenye nguvu ni salama zaidi, ila mikono ya 12 hadi 14 inakulazimu uanze na 1 ya pau au ya uru, na wapinzani wanaingia kwa raha. Ushauri wangu ni chagua moja, halafu mkae chini, wewe na mwenzako, mkubaliane mtafanya nini mkipigwa dabo. Jozi nyingi ninazozijua zimebishana juu ya pointi kwa saa nzima na hazijawahi kuzungumzia hilo la pili.

Vivyo hivyo kwa mapatano ya ziada. Kila mnalolipokea linachukua dau lililokuwa na maana ya kawaida. Ukiipa 2 za pau juu ya 1 bila turufu kazi ya kumuuliza mwenzako kama ana kopa 4 au shupaza 4, kama yanavyotaka mapatano yaitwayo Stayman, umepoteza uwezo wa kuishia 2 za pau. Hiyo ni biashara yenye faida. Mengine si hivyo, hasa lile linalotokea mara moja kwa miezi ambalo mmoja wenu atalisahau siku litakapokuja.

"Dabo ni ya kuadhibu"

Katika ngazi za chini, mara nyingi si hivyo. Mpinzani akifungua 1 ya kopa nawe ukapiga dabo, unamwambia mwenzako: nina mkono wa kufungua, kopa zangu ni chache, taja aina yako. Tangu Alvin Roth aanzishe dabo ya mjibu mwaka 1957 na kuibandika jina la Sputnik, hata dabo ya mwenzi wa aliyefungua imekuwa ombi kwanza. Dhana hii haihitaji maneno mengi.

"Karata 9 za turufu, ngazi ya 3, basi"

Mfaransa Jean-René Vernes alionyesha miaka ya 1960 kwamba jumla ya mizunguko ambayo pande mbili zinaweza kula, kila moja ikiwa na turufu yake nzuri, hukaribiana na jumla ya turufu zao. Ninyi mna shupaza 9, wao kopa 8: jumla kama 17. Kutokana na hapo ikazaliwa kanuni ya kupanda hadi ngazi inayolingana na idadi ya turufu zenu: turufu 9, mizunguko 9, yaani ngazi ya 3. Inasaidia sana mnada ukiwa wa vuta nikuvute, lakini ni wastani. Mikono tulivu, au yenye malkia na ghulamu katika aina ya wapinzani, huleta mizunguko pungufu; mikono yenye aina mbili zinazofaana huleta zaidi. Na hesabu ya alama inabaki palepale: wao wakiwa hatarini na 4 za kopa zitakazotimia kwa 620, dau lenu la 4 za shupaza lililopigwa dabo likaanguka kwa mitatu, ninyi msipokuwa hatarini, ni 500, na mmefaidi. Likianguka kwa minne ni 800, na mmejiumiza.

"Mapatano yetu ni siri yetu"

Hili linaniuma kuliko mengine yote, maana halihusu ustadi bali haki. Wengi wetu tumekulia karata za mtaani, ambako kumpa mwenzako ishara ni ujanja unaosifiwa. Katika briji maana ya kila dau mliyokubaliana ni haki ya wapinzani kuijua. Mezani, mpinzani anauliza zamu yake ikifika, na anayejibu ni mwenzi wa aliyenadi. Ukicheza kwa intaneti, wewe uliyenadi ndiye unayeeleza. Kudanganya kwa dau la uongo kunaruhusiwa, mradi mwenzako naye amedanganyika sawa na wao.

Kufikiri kwa muda mrefu hakukatazwi. Kinachokatazwa ni mwenzi kufaidika nako. Wapinzani wamesema 3 za kopa, mwenzako ametazama karata zake kwa muda, amegusa kisanduku cha madau, kisha amesema pasi. Wewe una mkono wa katikati, na sasa unajua ana kitu. Mwamuzi akiitwa hahitaji kuthibitisha nia mbaya. Anaangalia kama ukimya ule ulielekeza upande wa kunadi, na kama mchezaji wa kiwango chako, kwa mkono huo, angeweza kupita. Ikiwa ndiyo, nawe ulinadi na wapinzani wakaumia, matokeo hurekebishwa.