Kuprofaili programu za kipimo ni nini?

Programu za kipimo ni programu teule ambazo watafiti mbalimbali huziendesha zilezile, kwa data ileile, ili matokeo yao yaweze kulinganishwa. Kuprofaili ni kuifuatilia programu inapoendeshwa: metodi gani (kipande cha programu chenye kazi yake) imeitwa, mara ngapi, objekti ngapi (vitu vinavyobeba data pamoja na metodi zake) zimeundwa na zimedumu muda gani. Ukiziprofaili programu za kipimo, unapata kujua watu wanavyoandika programu za kiobjekti, yaani zilizojengwa kwa objekti, kwa vitendo, si wanavyofundishwa darasani.

Chukua programu ya kutoza ada ya magari pale feri ya Likoni, Mombasa. (Wanaovuka kwa miguu hawalipi, tuwaache.) Kuna klasi (kiolezo cha kuundia objekti) iitwayo Gari, na klasi Lori, Matatu na Tuktuk zinazoirithi, yaani zinazochukua sifa zake, kila moja na metodi yake ya toza. Ukisoma mstari gari.toza(), huwezi kujua ni toza ipi itakayoitwa. Hilo huamuliwa programu ikiwa mbioni, na kuamua kuna gharama. Lakini profaila ikihesabu, huenda ukakuta kwamba mstari ulio katika sehemu ya malori haujawahi kukutana na kitu kingine ila Lori. Ndivyo ilivyo katika programu nyingi za kiobjekti: sehemu kubwa ya miito huangukia aina moja tu ya objekti. Kompaila za Java, zinazoigeuza programu kuwa lugha ya mashine ikiwa mbioni, hulitegemea jambo hilo. Hutazama yaliyokwisha kutokea, zikaweka mwito wa moja kwa moja, na kuacha njia ya kurudi ikizuka aina nyingine.

Kazi ngumu hasa ni kuchagua programu za kupima. Katika SPECjvm98, mkusanyo wa programu za kipimo za Java, kulikuwa na programu ya kubana data iliyohamishwa kutoka lugha ya C. Inaunda objekti chache mno. Muda wake mwingi huishia kwenye safu za namba. Lugha ni Java, mtindo ni wa C. Ukiutolea hukumu mtindo wa kiobjekti kwa programu kama hiyo, hukumu yako haina mashiko hata namba zikiwa sahihi.

Mwaka 2006 ulitolewa mkusanyo wa DaCapo, wenye programu zinazotumika kweli, zikiwemo Eclipse (ya kuandikia programu) na Lucene (ya kutafuta maneno katika matini). Humo objekti huundwa kwa wingi, na nyingi hufa punde tu baada ya kuundwa. Ndiyo maana kikusanya taka cha Java, kinachoondoa objekti zisizotumika tena kwenye kumbukumbu, hupitia objekti changa mara nyingi zaidi kuliko kongwe.