Main Course si disko, na ile sauti si ya mashine

Jumamosi, katika mazoezi ya korali hapa Kadutu, Bukavu, mwimbaji mmoja wa tena (tenor, sauti ya juu ya wanaume) alisikia "Nights on Broadway", wimbo wa bendi ya Bee Gees kutoka albamu yao Main Course, kwenye simu yangu akasema: "Mama, hii ni disko ya wazungu, na ile sauti ya juu wameitengeneza na mashine." Maneno hayo nimeyasikia kwa vijana, kwa wazee, hata kwa watu wanaopiga vyombo. Safari hii nimeamua kuyajibu kwa maandishi.

Disko kwanza, maana hapo sikawii. Main Course ya Bee Gees ilitoka 1975. Saturday Night Fever, albamu ya disko ambayo watu wote wanaikumbuka, ni ya 1977. Albamu ilirekodiwa Miami, studio ya Criteria, na prodyuza alikuwa Arif Mardin, mzaliwa wa Istanbul ambaye tayari alikuwa amefanya kazi na Aretha Franklin. Isitoshe, soul, muziki wa Wamarekani weusi, ilikuwa imewagusa Bee Gees zamani. "To Love Somebody" ya 1967 waliitunga wakimfikiria mwimbaji wa soul Otis Redding, akafariki mwaka huohuo. "How Can You Mend a Broken Heart" mwimbaji mwingine wa soul, Al Green, aliitoa 1972, akaifanya yake kabisa. Nyimbo zao zilishahamia kwa watu wa soul. Wenyewe ndio waliochelewa kuzifuata.

Kilichobadilika 1975 ni kwamba mdundo ulitangulia. Mtu wa Bukavu hahitaji kuelezwa sana: besi na dramu zisipokaa, seben, ile sehemu ya magitaa na kucheza katika rumba yetu, haianzi. Mdundo wa "Jive Talkin'", wimbo wa albamu hiyohiyo, Barry Gibb, mwimbaji wa bendi, aliupata garini, magurudumu yakigonga maungio ya daraja walilopita kwenda studio. Ile besi ni sinthesaiza ya Blue Weaver, mpiga kinanda wao. Kampuni yao ikaupeleka wimbo kwenye redio bila kuandika jina la bendi, kwa sababu watangazaji walikuwa wamekwisha kuwachoka. Agosti ukashika nafasi ya kwanza Marekani.

Sasa sauti, na hapa naomba tusikimbie.

Ile sauti ya juu inaitwa falseto. Si mashine, wala si mwanaume kuiga mwanamke. Nyuzi za sauti zinavutwa mpaka zinakuwa nyembamba, zinatetema kingo tu, hazifungi vizuri, na hewa nyingi inavuja. Ndiyo maana mwimbaji wa tena asiye na pumzi huishiwa katikati ya sentensi. Mardin aliomba mmoja wao apige ukelele wenye noti mwishoni mwa "Nights on Broadway". Barry akasogea kwenye maikrofoni, akajaribu, na kikatoka kitu ambacho bendi ingekitumia miaka yote iliyofuata. Alikuwa na miaka 28, na nyuma yake kuna rundo la nyimbo alizoziimba kwa sauti ya kawaida. Ndiyo, studio ilipanga sauti juu ya sauti. Lakini kuipanga sauti si kuizaa. Koo likikosa noti, utapanga nini?

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba vijana haohao wanaimba Papa Wemba kutwa nzima, na yeye alikaa juu huko maisha yake yote, wala sijasikia hata mmoja akiuliza mashine iko wapi.

Kuna jambo vitabu vya sauti hulipita haraka. Vinachora mstari kati ya sauti ya kichwa (ya juu pia, lakini nyuzi zinafunga) na falseto, kana kwamba kuna mlango. Kwa baadhi ya waimbaji wangu mlango huo nausikia wazi; kwa wengine siusikii kabisa. Kwa Barry, pale mwisho wa wimbo, leo nitaapa ni falseto tupu, kesho nitasikia sauti ya kifua, ile ya kawaida ya kuongea, imeingia kidogo. Maneno hayo mawili bado nayafundisha, ila siyaamini tena kama nilivyoyaamini nilipokuwa mwanafunzi.

Wala sidai kwamba albamu nzima ni soul. "Come On Over" ni kantri. Olivia Newton-John aliichukua 1976 nayo ikamkaa vizuri. "Country Lanes" mimi huiruka. Lakini "Fanny (Be Tender with My Love)" naitetea mbele ya yeyote. Wimbo unapanda ufunguo, unapanda tena, na sauti hazigombani. Blue Weaver alieleza kwamba wazo la kupanda vile lilitoka kwa Hall & Oates, waimbaji wawili wa Marekani. Mimi nautumia kufundisha waimbaji wangu wa tena kuhama ufunguo bila kuwatazama wenzao.

Kijana wa Jumamosi nimempa kazi. Aanze kwa sauti ya kifua pale "Nights on Broadway" inaporudi kasi baada ya sehemu ya polepole, apande mpaka juu, avuke bila koo kuvunjika. Jumamosi ijayo simu tutaizima, ataimba peke yake.