Kwa nini kizuia ulikaji hushika katika asidi moja na kulegea katika nyingine

Pua, yaani feleji, inapofuliwa ikiwa moto hufunikwa na magamba ya oksidi, na kwa kawaida huchovywa katika asidi hidrokloriki au asidi sulfuriki ili yabanduke. Magamba yakiisha, asidi huanza kuila pua yenyewe: chuma huacha elektroni na kuyeyuka kikiwa ioni, nazo ioni za haidrojeni huzipokea elektroni hizo na kupanda kama mapovu ya gesi.

Misombo ya kikaboni tunayoitia ili kuzuia ulikaji huo huwa na naitrojeni, salfa au oksijeni, na husemwa kwamba jozi huru za elektroni za atomu hizo, yaani elektroni mbilimbili zisizotumika katika kifungo chochote, ndizo zinazoishikilia molekuli kwenye uso wa chuma. Kwa amini, ambazo ni aina ya misombo hiyo yenye naitrojeni, maelezo hayo hayatoshi. Ndani ya asidi kali naitrojeni imekwisha kuchukua protoni (yaani ioni ya haidrojeni), jozi yake haiko huru tena na molekuli imekuwa ioni chanya, ilhali uso wa pua nao kwa kawaida una chaji chanya. Chanya itamshikaje chanya mwenziwe?

Daraja ni kloridi. Katika asidi hidrokloriki, ioni za kloridi hunata kwanza juu ya chuma na kuupa uso chaji hasi, kisha amini huja kujipanga juu yake. Salfeti hunata kwa unyonge zaidi, na ndiyo sababu amini ileile mara nyingi hulegea katika asidi sulfuriki. Ongeza iodidi ya potasiamu kidogo tu, ambayo ioni zake hunata kuliko hata kloridi, na ulinzi hupanda. Kwangu hakuna jaribio linaloonyesha jambo hili kwa uwazi zaidi.

Ulinzi hupimwa kwa mizani: kipande kikipoteza miligramu 100 bila kizuizi na 8 kikiwa nacho, ufanisi ni asilimia 92. Pima pia asidi ikiwa na joto la kazini, kwa kuwa molekuli zilizoshikwa kwa mvuto wa chaji pekee hubanduka joto likipanda.

Mizani, hata hivyo, haioni haidrojeni. Thiourea, kizuizi chenye naitrojeni na salfa, inaweza kupunguza upotevu wa uzito na papo hapo, ikizidi kiasi, ikaisaidia haidrojeni kupenya ndani ya pua na kuifanya iwe rahisi kukatika. Kwa hiyo pua yenye nguvu kubwa siipitishi kwa uzito peke yake. Baada ya kuipima, naivuta mpaka ikatike.