Kupenda Mazingira Si Anasa ya Walioshiba

Hapa Kisumu imezoeleka mno kauli kwamba kutunza mazingira ni shughuli ya walioshiba, kwani mwenye njaa hawezi kuwazia mafunjo wala ndege. Kauli hiyo si sahihi. Mwaka 1992 shirika la kura za maoni la Gallup liliwahoji watu wa nchi 24, tajiri na maskini, na wasiwasi kuhusu mazingira ulidhihirika kote, wala haukuwa mdogo kwa maskini. Umaskini humpunguzia mtu nafasi ya kuchagua, hata akalazimika kukata mti anaoupenda, lakini kulazimika si kutojali.

Moyo huo wa kujali mazingira hutoka wapi, basi? Mtafiti Louise Chawla, aliyewahoji watetezi wa mazingira nchini Norway na katika jimbo la Kentucky, Marekani, alisimuliwa mara nyingi habari za mahali walipopapenda utotoni na za mzazi au jamaa aliyewazoeza kutazama viumbe kwa makini. Jambo hili lanigusa sana, kwa maana mtoto wa Dunga, kando ya Ziwa Viktoria hapa Kisumu, anayefuatana na nyanya yake kukata mafunjo ya kusukia mikeka, akiulizia jina la kila ndege anayeruka, anavyo vyote viwili.